Maziwa, Mmechelewa

Kwetu shairi lina mwenyewe, kama ngamia alivyo na chapa. Anayetaka kulighani mbele za watu huanza kwa kusema ni la nani, lilitungwa kwa ajili ya jambo gani, na yeye alilipata kinywani mwa nani. Asiposema hivyo ni mwizi, na wizi wa maneno una fedheha kuliko wizi wa mbuzi, maana mbuzi pengine uliiba kwa njaa. Baba yangu alikuwa mghani. Kichwani mwake mlijaa mashairi ya watu wengine, na akisahau jina la mtunzi alilimeza shairi zima, umbembeleze usimbembeleze. Yeye mwenyewe hakutunga hata mstari mmoja maishani mwake, wala hakujali. Alisema kuna wanaozaa na kuna wanaolea, na watoto wanawahitaji wote wawili.

Nyimbo za kazi ni habari nyingine. Wimbo wa kuwanywesha ngamia kisimani, wa kusuka mikeka ya nyumba, wa kutikisa maziwa mpaka samli ijitenge, hizo hazina mwenyewe. Kwa kuwa hazina mwenyewe, hazina kesi. Mwanamke alikaa na chombo chake cha maziwa mapajani, akakiimbia chombo, na chombo hakina wa kumshtaki. Shangazi yangu aliwahi kukiimbia chombo habari za mwanamume aliyekula ini peke yake nyuma ya zizi. Mumewe alisikia, mji mzima ulisikia, na hakuna aliyefungua mdomo. Angejibu nini? Angeulizwa tangu lini anajibizana na vyombo. Alitembea siku nyingi ameinamisha kichwa kama anayetafuta sindano.

Hivyo ndivyo nilivyolelewa, nikijua kuna maneno yenye chapa na maneno yasiyo na chapa, na kwamba sisi wanawake usalama wetu uko katika yale ya pili.

Niliolewa kabla ya vita vya Mtaliano, na mume wangu alikuwa na ng'ombe na ngamia wachache upande wa Dadaab. Wakati huo Dadaab ilikuwa malisho na kisima, mahali pa kupita. Mume alikuwa mpole, mzito wa kusema, mtu wa kuitazama mbingu kabla ya kufunga viatu. Sikumchukia. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kike, ameanza kusimama kwa kushika nguzo ya nyumba na kuiachia, akicheka kila alipoiachia.

Mvua ya mwaka ule haikunyesha. Ng'ombe walikauka, kifua changu nacho kikakauka, na mtoto akashikwa na tumbo. Wenzetu walihama kwenda mtoni, Tana, ambako angalau palikuwa na maji na jamaa wenye mbuzi wa maziwa. Nilimwambia mume tuhame. Alisema, "Kesho." Ng'ombe mmoja alikuwa na mimba pevu, na ng'ombe wa namna ile ukimtembeza juani unampoteza yeye na ndama wake, nawe utakuwa umebaki na nini? Asubuhi nikamwambia tena. Akaenda kumpapasa ng'ombe ubavuni, akarudi, akasema, "Kesho." Nikamwambia tena. Sikupaza sauti. Mke wa miaka miwili hapazi sauti mama mkwe akiwa ameketi pale.

Mtoto alifariki asubuhi, jua lilipokuwa linapanda. Tulimzika, tukaweka miiba juu ya kaburi ili fisi asifukue. Kesho yake tukahama. Ng'ombe yule alizaa njiani, kwenye kivuli kidogo cha mgunga, akasimama, akamlamba ndama wake na kutembea naye. Hakufa yeye wala ndama.

Watu walingoja nilie. Nilingoja pia. Mama mkwe alinikalisha karibu naye, akanishika mkono na kuniambia, "Lia, mwanangu, machozi yakikaa ndani yanaoza." Sikuwa na la kumwonyesha. Unajua mguu ukiukalia muda mrefu, unaushika kwa mkono na unaona ni wako, lakini ni kama wa mtu mwingine? Nilikuwa hivyo, mwili mzima. Nilikunja mikeka, nikaifungua, nikachota maji, nikala nilichopewa. Mtu akiniambia jambo nilisikia na nikajibu sawasawa.

Kisha mvua ikaja, kwa wingi, kama mdeni aliyeona haya. Majani yakaota, na ng'ombe yule, yule yule, akawa na maziwa mpaka yanamdondoka akitembea. Asubuhi moja nilikaa kutikisa maziwa yake. Chombo chetu kilikuwa cha mizizi iliyosukwa, kimefukizwa moshi ndani, kinanukia. Jirani yangu mmoja alikuwa hapo anatafuna magome ya kutengenezea nyuzi za mikeka, mashavu yamemvimba. Mwenye magome mdomoni haimbi, kwa hiyo zamu ya kuimba ilikuwa yangu. Sikuwa na hamu. Nilifungua mdomo nipige wimbo wowote wa zamani, na yakatoka haya:

Maziwa, mmechelewa,
aliyewaita amehama.
Mlipofika na povu lenu
kikombe chake kimekauka.

Kwa Kisomali maneno yale yanashikana mikono, kila mstari una sauti ile ile mwanzoni mwa neno, kama ilivyo sheria. Kwa Kiswahili yameachana. Siwezi kufanya zaidi.

Siku hizi watu wananiuliza utunzi unatoka wapi. Hata mwalimu wa ngumbaru, aliyenifundisha kusoma na mvi zangu hizi, alituambia kwamba msanii huandika kwa moyo uliojaa. Moyo wangu haukuwa umejaa kitu asubuhi ile. Ulikuwa mtupu kama mtungi uliopinduliwa. Chombo ndicho kilichokuwa kimejaa, kinakwenda mbele na kurudi nyuma, na kila kiliporudi kilidai neno. Nikakipa la karibu. Herufi ya neno la kwanza ikaita la pili, la pili likaita la tatu. Baba aliwahi kuniambia kwamba mtunzi haongozi herufi, anaifuata kama mchungaji anayefuata ngamia mwenye kengele, na akifika maji si yeye aliyeyajua. Alikuwa hajatunga kitu, lakini hilo alilijua.

Nikaimba kipande cha pili pia, kwa kuwa chombo kilikuwa bado hakijatoa samli:

Chombo, wewe huna ulimi,
niulizie huko ndani:
yule aliyesema kesho,
kesho yake imefika?

Jirani aliacha kutafuna. Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba akifunga kamba ya ndama. Kamba ilinyamaza. Halafu nikasikia hatua zake zikienda kwenye zizi, si za haraka wala si za polepole. Hakusema kitu siku ile, wala siku ya pili. Sheria ni sheria, huwezi kujibizana na chombo. Nami sikutaka ajibu. Nilitoa samli, nikamimina maziwa, nikampelekea kikombe chake. Akasema tumbo lake halikuwa sawa. Akampa mama yake.

Tangu hapo akawa mtu wa chai ya rangi. Mfugaji wa ng'ombe, anakunywa chai kavu kama askari aliyeishiwa! Wenzake walimtania, mimi nami nikamtania. Nilimwambia amekuwa askari. Alikuwa anatabasamu kidogo na kupuliza kikombe. Maziwa ya ngamia alikunywa, ya mbuzi alikunywa, ya ng'ombe wetu hapana. Nikaona ni mambo ya uzee unaomwahi mtu.

Wimbo ukaondoka. Sikuufukuza wala sikuuzuia. Jirani aliubeba alipokwenda kwa ndugu zake, na kwa sababu za heshima akaacha kipande cha pili nyumbani. Baada ya misimu kadhaa niliusikia kisimani, wanaume wakiwanywesha ngamia: maji, mmechelewa, aliyewaita amehama. Ndoo za ngozi zilipanda na kushuka nao vizuri. Nilisimama na mitungi yangu nikasikiliza kama mtu anayesikia habari za mbuzi wa jirani. Wakati wa vita walikuja nao watu kutoka Takaba, ukiwa na maneno mengine juu ya mvua. Hakuna aliyeuliza ni wa nani, na kwa nini aulize? Ulikuwa wimbo wa kazi.

Tulizaa wengine, wakaishi, alhamdulillahi. Baada ya vita tulisogea Garissa, karibu na mto, tukabaki na ng'ombe wachache, wote wa ukoo wa yule ng'ombe. Niliuza maziwa sokoni na humo ndimo nilimopata Kiswahili changu, kwa wake za askari na kwa Wapokomo wenye ndizi. Nilikuwa nasema, "Maziwa ya leo, mama, onja, hakuna maji ndani," nao wananijibu, "Wee, hata wewe hulali bila kutia maji!" Tunacheka. Maisha yalikuwa hayo. Nilicheka panapochekwa.

Basi akaja mzungu mmoja aliyekuwa anakusanya nyimbo. Alikuwa na mashine ya kunasa sauti, yenye magurudumu mawili na utepe unaotoka hili kwenda lile, nayo ilipata nguvu kwenye betri ya lori. Aliiweka barazani mbele ya duka moja, alasiri, na mji wote ukajaa pale, wazee kwenye viti, wanaume nyuma yao, sisi wanawake pembeni na vyombo vyetu. Mkalimani wake alikuwa kijana aliyesoma, Kiswahili chake safi cha pwani. Kila mtu aliyeimba aliulizwa swali lile lile: wimbo huu umetungwa na nani? Nilipenda swali lile. Nilimkumbuka baba.

Akasimama kijana mmoja mwimbaji, aliyefika na lori la bidhaa kutoka Wajir. Mzuri wa sura, sauti kama asali, na kujipenda hakukosi. Akaimba: mpenzi, umechelewa, anayekungoja amehama.

Niliujua kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Jirani yangu wa zamani, yule wa magome, ambaye naye alikuwa amehamia Garissa, alinigusa ubavuni kwa kiwiko. Kijana alikuwa ameubadilisha. Pale sauti yangu ilipokuwa inashuka, yeye aliipandisha. Na alikuwa ameongeza mstari wake mwenyewe: vumbi la miguu yako limefika kabla yako. Nitasema ukweli, mstari ule ulinitia wivu. Ulikuwa mzuri. Mimi nisingeupata, kwa sababu mtoto wangu hakuwa na miguu ya kurudi.

Mkalimani akauliza, "Umetungwa na nani?"

"Mimi mwenyewe," alisema kijana. "Nilimtungia msichana wa Bute. Aliniacha."

Watu wakacheka kwa furaha. Mzungu akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Jirani akaninong'oneza, "Sema." Nikamwambia anyamaze. "Sema, walalo, dada yangu. Huyu mtoto amekuibia mchana kweupe. Sema ni wako."

Ingekuwa rahisi, mtu angedhani. Lakini shairi lenye chapa lina kesi. Nikisimama nikisema ni wangu, nitaulizwa ulitungwa kwa ajili ya jambo gani, ndiyo desturi, na itabidi niseme vyote viwili, kipande cha kwanza na cha pili. Nitakuwa nimemshtaki mume wangu mbele ya wazee, mbele ya askari na wauza ndizi, kwa kosa ambalo hata yeye na mimi hatujawahi kulitaja. Naye alikuwa ameketi pale, safu ya tatu, mkono kwenye fimbo. Nisiposema, mtoto wangu anakuwa msichana wa Bute. Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye mizani, na niliyaona vizuri kabisa, kama mtu anavyoona ng'ambo ya mto, bila kuumwa.

Mkalimani alimwona jirani akinisukuma. "Mama, una neno?"

"Hapana," nilisema. "Nilisikia wimbo kama huo zamani. Ni wimbo wa kazi. Hauna mwenyewe."

Kijana akanitazama, akajua. Macho yake yakashuka. Nadhani hakuwa mwongo mbaya. Alikuwa ameupata umelala njiani, akaufuta vumbi, akaona ni wake.

Hapo mume wangu akasimama. Mtu ambaye barazani hakuwahi kusema zaidi ya salamu. Alianza kwa Kisomali, vile vile kama baba yangu alivyokuwa akianza: alitaja jina langu na jina la baba yangu na la babu yangu, kwamba wimbo huu ni wa mwanamke huyo, kwamba aliutunga baada ya kumzika mtoto, na kwamba yeye aliupata kinywani mwa mtunzi mwenyewe, akiwa nyuma ya nyumba ameshika kamba. Kisha akaghani kipande cha pili, kile ambacho hakikuwahi kusafiri. Hakukosea neno. Sikuwahi kukirudia tangu asubuhi ile, hata peke yangu, na yeye alikuwa nacho chote.

Mkalimani akamgeukia mzungu kutafsiri, na akaanza kulainisha, nilisikia, alisema mzee anaeleza historia ya wimbo. Mume akamkata. Akamwambia mzungu kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili pasiwe na wa kupunguza:

"Bwana, hii wimbo iko na mwenyewe. Ni ile mama nakaa bale, na chombo ya maziwa. Na ile mtu nasema kesho, kesho, kesho, ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mzungu akasema utepe ulikuwa umeisha, akaomba mzee arudie. Mume akasema mara moja yatosha, akaokota fimbo yake na kuondoka. Kwa hiyo katika mashine ile, popote ilipo, aliyetunga ni kijana, na msichana ni wa Bute.

Kijana alinifuata. Aliniita "eddo", yaani shangazi, akaomba nimsamehe. Nikamwambia mstari wa vumbi ni wake, na asiuache, ila anapoanza aseme ulikotoka. Akaapa. Sijui kama alitimiza.

Nilirudi nyumbani na chombo changu kichwani. Nilijisikiliza njiani, kama watu wanavyopapasa jino, nikatafuta kama nina furaha au hasira. Hapakuwa na kitu. Nilifikiri tu kwamba jua limeelemea na ndama hawajafungwa. Wanawake walinipisha njia kwa namna ambayo hawakuwahi kunipisha. Baadaye walinijia kila mara: tutungie wimbo wa harusi, tutungie wa mvua. Nilijaribu. Sikupata hata mmoja unaosimama. Wanafikiri ninaringa. Nilikuwa na wimbo mmoja tu na ndio ule, na kama bei yake ndiyo ile, heri nisiwe na wa pili.

Nilimkuta mume ameketi mlangoni, fimbo magotini. Nikawasha moto, nikachemsha chai, nikamimina kikombe chake cha chai ya rangi kama nilivyomimina miaka yote ile. Nikamwekea mbele. Hakukigusa.

"Tia maziwa," alisema.

Nilimtazama. Nikakitazama kikombe. Nikakumbuka asubuhi ile nilipompelekea maziwa akasema tumbo halikuwa sawa, na nikakumbuka utani wangu wote wa askari. Mimi nilikuwa nimekiimbia chombo mara moja tu. Yeye alikuwa amekijibu kila siku.

Nikachukua chombo na kuinamisha mdomo wake juu ya kikombe. Kikombe kilijaa nami sikuacha kumimina, maziwa yakamwagika juu ya jiwe la meko, yakanuka. Nililia mpaka mama mkwe wangu, ambaye alikuwa kipofu wakati huo, akauliza kutoka ndani ni nani amekufa. Mume wangu alimtajia jina la mtoto.